Namna ya kupika viongozi kutoka kwa fasti iya wa hosteli: mwongozo kamili kwa vyuo vya Mwanza

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Oktoba au Novemba stendi ya Nyegezi inajaa madogo wa mwaka wa kwanza, ndo hao fasti iya, wenye mabegi, godoro limefungwa kamba, ndoo mbili na barua ya chuo mkononi, na hata wiki mbili hazijaisha tayari tumeshawachagulia mwenyekiti wa hosteli, katibu, mbunge na kila cheo unachokijua. Afu ikifika Januari tunaanza kulalamika viongozi wa mwaka huu hawafanyi kitu. Sasa watafanya nini wakati waliopita ni wale wenye sauti kubwa na waliowahi kufungua grupu la WhatsApp?

Haya maelezo ni ya nyie mnaoishi na hao madogo: wodeni (msimamizi wa hosteli), mwenyekiti wa hosteli wa mwaka wa pili au wa tatu, waziri wa malazi wa serikali ya wanafunzi, hata mshauri wa wanafunzi akipenda. Fasti iya mwenyewe na yeye asome tu, itamsaidia kujua anachotakiwa kudai. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mchoke: mpe mtu kazi kabla ya cheo. Kazi ndogo, ya kweli, ambayo isipofanyika korido nzima inajua kabla jua halijazama. Cheo kije baadaye, na wengine wala wasikipate na bado watakuwa viongozi.

Kwa nini hosteli na sio darasani? Darasani mnaonana masaa mawili kila mtu kapendeza. Hosteli unamuona mtu saa kumi na moja alfajiri na taulo shingoni anagombania bomba, hapo ndo tabia inaonekana. Huko Marekani mabweni mengi yana mwanafunzi mzoefu anayekaa kwenye korido kuwaangalia wenzake, wanamwita RA, na kwa kazi hiyo vyuo vingi vinampa chumba bure au posho. Sisi hela hiyo hatuna, ila kazi zenyewe tunazo tele.

Hatua ya 1: tafuta kazi kwanza, watu baadaye

Kabla geti halijafunguliwa kaa na wodeni na daftari. Tembeeni hosteli nzima kuanzia kwenye tenki mpaka choo cha mwisho cha ghorofa ya juu, muandike kila kitu ambacho kikiharibika watu wanateseka: maji, usafi wa vyoo na mabafu, taa za korido, vitasa, takataka, kamba za kuanikia nguo, makelele ya usiku, wageni, wagonjwa, michango, matangazo. Mkimaliza mtakuta hosteli ina kazi za kuongoza kuliko baraza zima la mawaziri wa serikali ya wanafunzi.

Kila kazi ijibiwe maswali matatu kwa maandishi. Nini hasa kinatakiwa kifanyike. Nani wa kumsaidia huyo dogo akikwama. Na anaruhusiwa kuamua nini bila kumuuliza mtu yeyote. Hilo la tatu ndo tunalisahauga halafu tunashangaa mbona dogo hajitumi. Mfano mtu wa maji: anaruhusiwa kupanga foleni ya ndoo? Anaruhusiwa kumpigia fundi wa chuo mwenyewe au mpaka wodeni aamke? Koki ikikatika usiku anaweza kutumia shilingi 5,000 ya dharura akaleta risiti kesho? Kama jibu ni hapana kwa yote, hapo mmemtuma tu kama mnavyomtuma mtoto dukani, msiite uongozi.

Karatasi hiyo wodeni aisaini. Nasisitiza kwa sababu nimeshaona dogo anapanga foleni vizuri kabisa halafu mlinzi anakuja anamwambia wewe nani, na pale pale mbele ya wenzake anaisha nguvu.

Hatua ya 2: wiki ya kwanza msimchague mtu yeyote

Najua presha ipo. Serikali ya wanafunzi inataka majina, wodeni anataka mtu mmoja wa kumpigia simu. Wekeni mwaka wa pili ashike kwa muda.

Wiki hiyo fanyeni kikao kimoja kwa kila korido, watu ishirini mpaka thelathini hivi, wakae chini kwenye korido yenyewe na sio ukumbini, kila mtu aseme jina, ametoka wapi, na kitu kimoja anachokijua kukifanya kwa mikono. Hili swali la mwisho lina faida kuliko lile la "ulikuwa na cheo gani shuleni". Utasikia mmoja katoka Ukerewe anajua kushona nyavu, mwingine Sengerema alikuwa anauza duka la baba yake, mwingine Mbeya anajua kuchomelea, mwingine kapita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria alikuwa anahesabu stoo ya jikoni. Mwaka wa pili aandike bila kuonesha kama anaandika.

Kuhusu makaka wakuu na madada wakuu: wanakujaga na uzoefu, hilo msiwanyime, ila wengi uzoefu wao ni wa kuandika majina ya wapiga kelele na kupeleka kwa mwalimu wa zamu. Chuo hakuna mwalimu wa zamu. Ukimwandika jina mtu mzima wa miaka ishirini na mbili atakucheka na kesho atapiga mziki zaidi. Hao ndo wanatakiwa waanze na kazi ambazo ukali hausaidii chochote, mfano ya wagonjwa.

Na tafadhali, ile tabia ya kuwapigisha madogo kwata usiku, kuwaimbisha, kuwatuma chipsi kwa kisingizio cha kuwakomaza, iishe. Anachojifunza pale ni kwamba mkubwa ni mtu wa kuogopwa, na mwakani na yeye anakuja kuogopesha.

Hatua ya 3: gawa kazi kwa wawili wawili, wiki tatu tatu

Wawili kwa sababu mmoja akiwa na testi mwingine yupo. Wiki tatu kwa sababu wiki moja haitoshi kuharibu na kurekebisha, na mwezi mzima watu wanachoka. Changanyeni: muongeaji na mkimya, anayetoka mjini na anayetoka kisiwani, watu wa kozi tofauti. Wasiwe marafiki waliosoma shule moja, hao watafanya kazi kwa kuelewana ila hawatajifunza kujieleza.

Nizungumzie maji kwa kirefu maana ndo kazi inayofundisha kuliko zote, na ni kichekesho cha mji huu, ziwa lote lile unaliona dirishani halafu bomba linakohoa. Hosteli nyingi zetu zipo juu ya miinuko ya mawe, presha ikishuka ghorofa ya juu ndo wanakauka kwanza. Sasa wapeni wawili wa maji kazi hii: wiki ya kwanza wasibadilishe chochote, waandike tu kila siku maji yametoka saa ngapi, yamekata saa ngapi, tenki limefika wapi. Ukigonga tenki la plastiki kwa kidole kuanzia juu kushuka, pale mlio unapobadilika ndo maji yalipo, dogo yeyote anaweza. Wiki ya pili walete pendekezo kwenye kikao, mfano maji yakitoka alfajiri ghorofa ya juu wachote kwanza kwa nusu saa, au kila chumba kiwe na ndoo moja ya akiba yenye mfuniko isiyoguswa. Wiki ya tatu walitekeleze na kupokea matusi yake.

Maana matusi yatakuja. Kuna siku foleni ya ndoo imefika mpaka ngazini, dada mmoja wa mwaka wa kwanza, mfupi, sauti ndogo, kashika karatasi iliyolowa pembeni anasoma namba za vyumba, akaja mkubwa wa mwaka wa tatu na madumu mawili akayapitisha mbele. Yule dada hakupiga kelele. Akamwambia, "Kaka, chumba chako ni cha kumi na nne, sasa hivi tuko cha tisa, weka dumu hapa nitalilinda mimi ukaendelee na shughuli zako." Kaka wa watu akabaki anamtazama, akaliweka dumu. Hakuna semina ya uongozi inayokufundisha hicho, na asingekuwa na ile karatasi na kibali cha kuisimamia asingethubutu.

Kazi zingine nitazipitia haraka.

Moto na umeme: wawili hawa wajue mtungi wa kuzimia moto uko wapi na mshale wake uko kwenye kijani, mlango wa dharura haujafungwa kufuli, na namba ya Zimamoto, 114, imebandikwa kila korido. Wapite vyumbani na wodeni kuhusu ekstensheni zilizobeba hita, pasi na jiko la umeme kwa pamoja. Hapa watajifunza kusema jambo lisilopendwa, maana kila mtu anapika kwa siri.

Afya: kujua nani anaumwa na hajatoka chumbani tangu jana, kujua zahanati ya chuo inafungwa saa ngapi, nani ana bodaboda anayeaminika usiku. Na kukumbusha vyandarua. Mvua za vuli zinaanza kipindi hicho hicho wanapofika, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa na ndoo za kunawia zikae mlangoni kwa vyoo, kuhara kukianza kwenye hosteli ya vyumba vya watu wanne hakuulizi nani kiongozi.

Matangazo: grupu la WhatsApp la korido liwe na maadmini wawili, na sheria iwe fupi, tangazo la hosteli tu, mambo ya mpira na stika yana grupu lake. Kitu watu wanakisahau ni wale wasio na simu janja au walioishiwa bando. Tangazo lolote muhimu lazima libandikwe na karatasi mlangoni pia. Mkimuona admin anayekumbuka hilo bila kuambiwa, huyo wekeni akilini.

Hatua ya 4: fundisheni kikao, kila baada ya wiki mbili

Kikao cha korido kisizidi dakika arobaini. Saa tatu usiku ni nzuri, watu wameshakula na hawajaingia prepo, yaani kujisomea. Ajenda tatu tu, zibandikwe jana yake. Mwenyekiti wa kikao abadilike kila mara na awe fasti iya, wewe mkubwa ukae nyuma na ufunge mdomo, na hii ndo sehemu ngumu kuliko zote kwa sisi tunaopenda kuongea.

Mwenyekiti wa siku mfundisheni mambo manne siku moja kabla. Afungue kwa kusoma yaliyokubaliwa kikao kilichopita na kuuliza nani amefanya. Asimruhusu mtu aongee mara ya pili kabla ambao hawajaongea hawajapewa nafasi. Watu wakianza kuzunguka aseme, "naomba mtu atupe pendekezo tulipigie kura." Na asifunge ajenda bila jina la mtu na tarehe. "Tutalifanyia kazi" ni marufuku, hiyo sentensi imeua vyama vingi nchi hii.

Katibu wa siku aandike muhtasari wa nusu ukurasa: waliohudhuria, yaliyoamuliwa, nani anafanya nini, lini. Asiandike hotuba za watu. Upigwe picha uingie kwenye grupu usiku huo huo kabla watu hawajaanza kukumbuka tofauti.

Kwa hosteli za mchanganyiko au mikutano ya pamoja ya wavulana na wasichana kuna kitu mnakiona wote mnajifanya hamkioni: wasichana wanapewa ukatibu kila mara, eti wana mwandiko mzuri. Zungusheni. Aliyeandika leo, kikao kijacho aongoze. Na wakimya wapewe swali mapema, mfano mwambie mchana, "usiku nitaomba utueleze ile hesabu ya takataka", akija anakuwa ameshajiandaa. Ukimrushia swali ghafla mbele za watu unamfundisha kunyamaza zaidi.

Hatua ya 5: hela, na iwe ndogo na ya wazi

Hapa nakaa kidogo. Kanda hii uongozi wa wananchi umeanzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wanalalamika wanapunjwa wakipeleka mzigo kwa wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito pale pale mzigo unapopimwa. Kwenye mambo hayo hayo ushirika ukakua miaka ya mwanzo ya 1950, Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma, akawa kiongozi wake mkubwa, mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, yaani shirikisho la vyama hivyo vya ushirika, na mwaka 1962 Bomani huyo huyo akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mtu wa kuangalia mizani mbele za watu, kazi inayoonekana ndogo, ndo iliwafanya wakulima waaminiane.

Hosteli mizani yenu ni mchango. Tuseme korido ina watu 24, mmekubaliana shilingi 2,000 kila mmoja kwa sabuni ya vyoo, fagio, dawa na koki moja ya akiba. Hiyo ni 48,000. Fanyeni hivi:

Hela isikusanywe kabla kikao hakijapitisha bajeti, kila kitu na bei yake iliyoulizwa madukani, sio ya kukisia.

Anayepokea hela na anayetunza daftari wawe watu tofauti. Na simu inayopokea iwe ya mtu mmoja anayejulikana, kila muamala uingie kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Manunuzi waende wawili, risiti zigandishwe kwenye daftari. Muuza fagio wa sokoni hana risiti, hamna shida, andikeni jina la soko, kitu, bei, na wote wawili wasaini.

Kila kikao daftari lisomwe kwa sauti, hata kama limebaki shilingi 700.

Kuna watakaoshindwa kuchangia kwa sababu bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, halijatoka au hawana mkopo kabisa. Hilo mtunza hazina alijue kwa siri na kikao kikubaliane mapema kwamba mtu anaweza kulipa kwa zamu ya usafi au akalipa baadaye. Majina ya wasiolipa yasibandikwe mlangoni, jamani. Dogo anayekaa hosteli kwa kula mara moja kwa siku ukimbandika jina lake ukutani umemtoa kwenye korido yenu moja kwa moja.

Hela ikipotea, hata elfu tano, isemwe kikao kinachofuata, mambo ya kufunikafunika yasiwepo. Hela ndogo ikipotea mwaka wa kwanza ikasemwa, mtu anajifunza. Ukimficha, atakuja kujifunzia kwenye hela ya kijiji.

Hatua ya 6: ugomvi utakuja, upangieni ratiba

Mwaka 1965 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anaitwa Bruce Tuckman aliandika kwamba vikundi vidogo vinapitaga hatua: watu wanakutana kwa adabu, halafu wanagombana, halafu wanapatana namna ya kuishi, halafu ndo kazi inaenda. Hosteli iko hivyo hivyo. Wiki za kwanza kila mtu "karibu tule", ikifika katikati ya muhula mtu kamaliza sukari ya mwenzake na hawasalimiani. Msiogope, mmejua inakuja.

Fundisheni wawili wa kila korido kusuluhisha mambo madogo ya chumba: taa usiku, mziki, simu ya spika, sabuni, na lile la kubebana, yaani mtu kumleta rafiki asiye na chumba akalala naye kitanda kimoja muhula mzima. Utaratibu ni rahisi. Msikilize kila mmoja peke yake kwanza, sio kwenye korido. Wakutanishe, kila mtu aeleze anachohitaji na sio mwenzake alivyo, yaani "mimi nahitaji giza kuanzia saa sita" na sio "wewe ni mbinafsi". Andikeni makubaliano mistari miwili, wasaini, mrudi kuangalia baada ya siku saba. Kwenye kubebana mkumbuke chuo kina sheria yake na chumba kina mwisho wake, lakini anayebebwa naye ni mwanafunzi mwenzenu asiye na pa kulala, kwa hiyo mpelekeni kwa waziri wa malazi akiwa na heshima yake.

Kuna kabila nalo. Watu wataanza kusema korido hii ni ya Wasukuma, ile ya Wahaya, wale Wakurya wakali. Utani wa makabila sawa, tumekua nao, ila mkiona kazi zinagawanywa kwa lugha, changanyeni wawili wawili upya hapo hapo.

Halafu kuna mambo ambayo dogo wa mwaka wa kwanza hatakiwi kuyasuluhisha hata kidogo na mumwambie hivyo siku ya kwanza: mtu kapigwa, mtu kashikwa au kulazimishwa kimapenzi, mtu anaongelea kujiua, mtu kazimia, wizi wa laptopu, mhadhiri au mfanyakazi anayemsumbua mwanafunzi. Haya yanapelekwa kwa wodeni au mshauri wa wanafunzi usiku huo huo, na kama ni unyanyasaji kuna dawati la jinsia la chuo au la polisi. Kazi ya kiongozi wa korido ni kukaa na mtu asibaki peke yake, kumpeleka, na kutolisimulia.

Hatua ya 7: safari moja ya kupanga wenyewe

Wakishafika katikati ya mwaka wapeni kitu kikubwa kidogo, wapange safari ya siku moja. Kisiwa cha Saanane kinafaa, ni hifadhi ya taifa ipo hapa hapa mjini, unapandia boti Capri Point, gharama haiui. Au Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mkubwa asipange chochote, aulizwe tu.

Wataandika barua ya ruhusa, watauliza viingilio, watatafuta daladala ya kukodi, watagundua watu waliosema "nipo" kwenye grupu ni arobaini na waliolipa ni kumi na saba. Hapo ndo wanajifunza kupanga kwa hela iliyopo mkononi. Kazi ya chakula wapeni watu wanaobisha bei, waende soko la Mwaloni Kirumba wakanunue dagaa wa jumla, waone tofauti ya bei ya pale na ya genge la nje ya geti.

Ila usalama wa maji usiwe kipengele cha mwisho kwenye karatasi. Ziwa hili limetuchukulia watu wengi, meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zote zilikuwa zimejaza kupita uwezo. Kwa hiyo mteueni mmoja, fasti iya, awe ndo mwenye neno la mwisho kwenye boti. Ahesabu maboya ya kuvaa na vichwa, na vichwa vikizidi, au ziwa likichafuka, aseme hatupandi. Mwambieni mbele ya wote kwamba akisema hapana hata mwenyekiti wa hosteli anashuka. Wengi hawajawahi kupewa ruhusa ya kusema hapana kwa mkubwa, na siku akilisema kwa sauti inayotetemeka na watu wakashuka, utaona anavyotembea wiki inayofuata.

Na wasiogelee pembeni kwenye majani. Kichocho kipo, vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi, mtu haoni kitu. Aliyeshaingia aende zahanati akapime, dawa ipo.

Hatua ya 8: sasa chagueni

Muhula wa pili ndo wakati wa vyeo. Kufikia hapo kila mtu amemuona mwenzake akishika daftari au ndoo. Sharti langu kwa mgombea ni moja: awe amemaliza angalau zamu mbili za kazi tofauti, na karatasi za makabidhiano zipo. Kampeni iwe dakika tatu kwenye korido, aeleze alichofanya na kitu kilichomshinda. Ukimsikia mtu hana kilichomshinda, mpigie mwingine kura. Fulana, soda na pilau za kampeni zipigwe marufuku na siasa za vyama zibaki nje ya geti.

Wasiochaguliwa msiwapoteze. Mtu wa maji mzuri aliyekosa uenyekiti aendelee na maji, tena wapeni kazi ya kufundisha wawili wapya.

Hatua ya 9: mitihani na makabidhiano

Wiki tatu kabla ya UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, punguzeni kazi zote zibaki maji, usafi na wagonjwa. Vikao visimame. Kuna madogo wanaopenda kusifiwa mpaka wanasahau kitabu, halafu anakula sapu (mitihani ya marudio) nne na nyumbani wanamuuliza alikuwa anaongoza nini. Wewe mkubwa, muulize dogo matokeo ya testi zake kila zamu inapobadilika, akishuka mpumzishe bila kumuaibisha.

Makabidhiano yafanyike kabla mtu wa kwanza hajapanda basi kwenda kwao, maana wakishatawanyika hupati kitu. Kila kazi ina bahasha yake: daftari, risiti, namba ya fundi, funguo, orodha ya vilivyoharibika, na ukurasa mmoja wa "mwakani msifanye hivi". Hela iliyobaki ihesabiwe mezani na wote wawili wakiwepo, iandikwe, isainiwe, ipelekwe kwa wodeni. Admin wa grupu aongeze wa mwakani ndo ajitoe. Bahasha zikae kwenye kabati la wodeni, na mwezi wa kumi ukifika, ile siku mnayotembea hosteli na daftari, mnaanza kwa kuzifungua.